Haijawahi Kufunguliwa

Kiboriloni, Jumamosi, manyunyu ya Julai.
Turubai la Godlisten linavuja kwenye pembe
na yeye amesogeza rundo la mikanda ya suruali
ili kaseti zangu (ameshaziita zangu) zisilowe.
"Kaka, hii haijawahi kufunguliwa."
Skurubu zake nne zina makovu
kama goti la mtoto wa kucheza rede.

Nikanunua.

Nimenunua ya njano, yenye lebo inayoapa
gemu laki tisa tisini na tisa elfu mia tisa tisini na tisa.
Nilizihesabu usiku, Manka akikoroma kwa makusudi.
Zilikuwa saba.
Bata yule yule, kifaru kile kile,
wamebadilishiwa rangi ya anga na kupewa jina jipya
kama mdaiwa aliyehama mtaa.

Nimenunua ya kijivu, nzito, ikaja na basi kutoka Arusha,
hela nimetuma kwa simu, na ya kutolea juu,
kwa mtu wa Sakina aitwaye Lembris
mwenye sauti ya mlokole.
Uzito ule ulikuwa nati mbili na kipande cha sabuni ya mche.
Manka akakifulia soksi.
"Angalau hiki kinafanya kazi," akasema.
Nikampigia Lembris. Ikaita, ikaita,
kisha yule dada wa kwenye mtandao, mpole, asiye na kosa,
akaniambia nijaribu tena baadaye.

Nimenunua mashine yenyewe.
Nikachomeka, taa nyekundu ikawaka, moyo wangu jamani!
Na kwenye matundu ya hewa
ukatoka ukoo mzima wa mende,
wakubwa mbele, wadogo nyuma,
kama watu waliopewa notisi na benki.
Niliporudi, Godlisten hakucheka.
"Mende anafuata joto," alisema.
"Maana yake ilikuwa inawaka."
Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Na mimi ni mtu wa mahesabu.
Nafunga vitabu vya duka la nondo pale Mbuyuni,
siku sita shilingi haipotei mkononi mwangu.
Ya saba najitia upofu.

Ni hivi. Pasua, nikiwa darasa la nne,
Shirima alikuwa na kibanda cha gemu nyuma ya mashine ya kusaga,
shilingi hamsini kwa roho tatu.
Sikuwahi kuwa na hamsini.
Ila kaseti ikigoma, picha ikijaa chenga,
Shirima aliniita mimi: nilikuwa na pumzi.
Nilipuliza meno yake ya shaba
kama anayewasha kuni mbichi,
na wenye hela wakaendelea kufa na kufufuka.
Huenda mojawapo iko bado sokoni, na mate yangu ndani.
Nani atanikataza kutafuta?

Mwezi uliopita alikuja kijana wa Chuo cha Ushirika,
miwani, daftari lenye orodha, noti zimekunjwa mara nne.
Ile ya mende nilikuwa nimeipangusa kwa spiriti,
lebo nimeibandika upya kwa gundi ya shule ya mwanangu.
Akaigeuza. Akaitikisa karibu na sikio
vile vile ninavyotikisa mimi.
"Imewahi kufunguliwa?"
Manka alikuwa mlangoni na ndoo. Hakuitua.
Kinywa changu kikatoa sauti ya Godlisten,
na adabu yake yote, na lile "kaka".

Leo Jumapili usiku simu inaita. Namba ngeni.
"Si upokee," anasema Manka.
Inatetemeka mezani, inajisogeza yenyewe
mpaka zilipo zile nati mbili.
Naichukua. Naipuliza vumbi kwenye kioo.
Inaita.