Kivuli cha Ukuta Ambao Haujajengwa

Fundi Sadoki alisema tuanze Ijumaa jioni.
"Ofisi zimefungwa. Jumatatu tumeshafika kwenye lenta,
na nyumba yenye lenta, nani ataisogeza?"
Amejenga nusu ya Buzebazeba kwa hesabu hiyo.
Nusu ya hiyo nusu imeandikwa BOMOA kwa rangi nyekundu.

Mimi nilitaka chumba kimoja tu,
futi kumi kwa kumi na mbili,
cha kumweka baba, aliyeletwa kutoka Heru Juu
na upande wa kulia uliogoma kumtii.

Manispaa wakasema: mchoro, nakala tatu,
risiti ya kodi ya ardhi, muhuri wa mtaa,
na hapa, juu ya nukta hizi,
sahihi ya jirani wa mashariki.

Jirani wa mashariki ni Mama Bukuru.
Kati yetu pana mnyaa tu,
aliopanda marehemu mumewe na yule aliyeniuzia kiwanja,
bila karatasi, kwa neno na soda mbili.

Aliisoma fomu hadi mwisho,
akaigeuza, akausoma na mgongo wake mtupu.
"Sina ugomvi na chumba chako," akasema.
"Nina ugomvi na alasiri yako."

Akanionyesha uani: turubai,
mihogo imepasuliwa, imelala kifudifudi.
"Jua langu la jioni linapita kwako.
Ukisimamisha ukuta pale, unga wangu utaota ukungu."

Basi tukachimbia miti miwili,
tukatundika blanketi la baba kwa kimo cha ukuta,
tukakalia ndoo zilizopinduliwa, tukingoja.
Saa nane kivuli kilikuwa bado kwangu.
Saa tisa kikavuka mnyaa bila kupiga hodi.
Saa kumi kikakanyaga ukingo wa turubai.
Bukuru akaweka kokoto. Butoyi akabisha, akaisogeza.
Mpaka jua linapoa tulikuwa na kokoto tano
na watoto wa mtaa mzima wakitukodolea macho,
wakidhani tumepagawa kwa pamoja.

"Rudi nyuma hatua mbili."
"Zako au zangu?"
Akacheka, mara ya kwanza tangu matanga.
Tukapima kwa zangu, ambazo ni fupi,
kisha kwa zake, tukagawana tofauti.

Futi kumi na mbili zikawa nane.
Kitanda kinaingia, mradi mlango ufunguke nje.
Maji ya paa yaangukie kwangu.
Dirisha lisitazame bafu lake.
Tuliandika yote, akatia sahihi kwa kalamu ya Butoyi,
na chini kabisa nikaongeza:
kivuli, mwisho kokoto ya tatu.

"Hii kokoto ni ya nini?" akauliza afisa.
Nikaeleza. Akatafuta kisanduku cha kivuli, hakukiona,
akaukata ule mstari kwa rula, akagonga muhuri.

Kibali kilitoka mwezi wa nne. Sadoki alijenga mchana,
akinung'unika kama mtu anayefanya kazi uchi.

Sasa baba hukaa mlangoni, mlango ukiwa wazi upande wa nje.
Maneno yaliyombakia ni machache; moja ni "kimefika".
Hulitamka kila jioni, kwa nusu ya mdomo,
na Mama Bukuru huja kuvuta turubai yake.

Siku nyingine hulitamka saa nane,
kivuli kingali mguuni pake.
Mama Bukuru huja vilevile.