Milimita Ishirini na Tano

Ngumi yangu yaingia nzima
kati ya tairi na tao la mbawa,
na hilo, kwa Datsun ya mwaka sabini na tatu,
ni aibu: suruali ya mvulana
aliyerefuka likizoni, vifundo vyote nje.

Nililinunua kwa daktari wa mifugo kule Bala.
Manyoya ya kondoo bado yamo chini ya zulia,
na springi ya upande wa dereva imefupika
kwa unene wa kidole,
maana yule bwana alipenda siagi.

Sasa ni usiku, na mezani jikoni
pana karatasi tatu za bei.
Hizi zashusha ishirini na tano.
Hizi thelathini na tano, nyekundu, ngumu kama neno la mdai.
Hizi hamsini, na Gwilym wa gereji anaapa kwazo:
"Lishushe, Idwal. Gari la mbio si ngamia."

Gwilym hana daraja njiani kwake.
Mimi ninalo, la mawe, lilijengewa punda,
mgongo juu kama paka aliyeona mbwa;
kisha vyuma vya kuzuia kondoo, kisha mashimo,
kisha lango letu na jiwe lake moja
linalomjua kila ekzosi kwa jina.

Mchagua jembe si mkulima, najua.
Lakini springi fupi juu ya shokomzoba kuukuu
ni haraka iliyopandishwa juu ya uchovu:
itadunda, itagonga mpira wa kikomo,
na kwenye kona tairi litaiachia lami
pale hasa unapoliomba lishike.
Kwa hiyo shokomzoba mpya pia. Kwa hiyo bushi.
Kwa hiyo mwezi huu tunakula viazi.

Na kuna mama.
Heulwen, miaka sabini na tisa, goti la chuma,
kila Alhamisi nampeleka Dolgellau kucheza karata.
Hakuna karatasi ya bei inayotaja goti.

Jumamosi nikapakia vigae vya mawe,
vile vya buluu vya machimbo yetu,
nyuma, sakafuni, hata chini ya viti,
rula mkononi, mgongo ukilia,
mpaka gari likazama ishirini na tano.
Mama akaingia. Akatoka. Akasema, "Hm."
Nikaongeza. Thelathini na tano.
Akaingia kama anayeteremka kisimani.
Akajaribu kutoka mara moja, mara mbili,
akashika mlango, akashika nywele zangu,
akarudi chini puu! akapiga honi
akicheka hadi machozi.

"Niache kidogo," akasema.
"Kutoka huku chini ukuta wa akina Parry
umekuwa mrefu tena.
Sijauona mrefu hivi tangu nikienda shule.
Na kwenye mizizi yake kuna kangaga, Idwal. Ulijua?"

Sikujua.
Nikachuchumaa kando yake. Mvua ikaanza,
ile nyembamba, ya kwetu, isiyo na haraka ya kwisha.

Aliye juu mngoje chini.
Aliye chini, je?
Aliye chini huvutwa kwa mikono miwili
baada ya kuhesabu mpaka tatu.

Niliagiza ishirini na tano.
Gwilym akasema hizo ni springi za kasisi.
Sawa.
Mwezi wa kwanza zikakaa, zikateremka
nyingine tatu zenyewe bila kuomba ruhusa,
na sasa ni vidole viwili tu vinavyopita chini ya mbawa.
Darajani tunavuka mshazari, polepole,
mama kaibana pumzi
kana kwamba pumzi ina kilo.

Zile kuukuu nilizitupa, isipokuwa moja,
ile iliyofupika.
Imesimama nyuma ya mlango wa mbele,
na ndani yake, wima, fimbo ya mama.