Jiwe la Chungu cha Siagi

Siku ya kwanza unaokota kila kitu cheusi.
Mavi ya ngamia yaliyokauka. Kipande cha tairi.
Kigae cha kombora la vita ambavyo hakuna aliyetuambia viliishaje.
Siku ya nne mfuko umekuwa mzito,
Bassu anaumwaga wote juu ya blanketi, anapitisha sumaku
iliyofungwa kwa uzi kwenye ncha ya fimbo,
na sumaku inaning'inia wima, kama mtu aliyesusa.

Tuliambiwa: tafuteni lenye ukoko,
lililoungua nje kama wali wa chini ya sufuria,
ndani kijivu, lenye chembe zinazometa.
Tuliambiwa: zito kuliko umbo lake.
Tuliambiwa gramu chache tu, zikiwa za mwezini,
zinalipa deni letu lote dukani kwa Uhadu
tangu mvua zilipokatika.
Basi tukaitembea hamada, sisi wawili na punda,
kusini ya Tagunite, pasipo na hata mti wa kuuomba kivuli,
hatua kumi baina yangu na yake,
vichwa chini kama watu waliotukanwa wakakosa jibu.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame.
Kumbe na mtaka cha mbinguni.

Usiku ndipo tulipotazama juu.
Kimondo kikapita, Bassu akanyoosha mkono.
Nikamwambia, hicho si chako, hicho kimemlenga shetani.
Akacheka. Halafu akauliza: Na kikimkosa?
Sikuwa na jibu. Tukalala na njaa ya kawaida,
ile isiyomwamsha mtu.

Siku kumi na moja. Tulirudi na jiwe moja la kubahatisha,
ambalo Si Yidir, mnunuzi aliyekuja kwa gari kutoka Arfud,
alilitazama kwa kioo, akalilamba,
akawatupia mbuzi.

Bibi Tuda akamkaribisha chai.
Hajui kumwachia mgeni aondoke na koo kavu.
Bassu aliiegemeza fimbo yake kwenye nguzo ya hema,
sumaku ikawa inaning'inia pembeni mwa chungu cha siagi,
na uzi ukapinda.
Naapa hapakuwa na upepo.
Ukapinda taratibu, kama shingo ya mtu aliyesikia anasengenywa,
sumaku ikagota, ta!
kwenye jiwe ambalo miaka arobaini limekaa juu ya kifuniko
paka asifunue.

Si Yidir akaweka glasi chini.
Akalishika kwa mikono miwili. Akalinusa. Lilinuka siagi.
Akataja bei. Bassu akaketi bila kukusudia.
Bibi akasema: Na chungu changu?
Akapandisha bei.
Bibi akasema: Bei niliisikia. Nimeuliza chungu.
Jiwe hili nililiokota nikiwa na mimba ya baba yao.
Nilitaka zito, la kuenea kiganja, bapa upande mmoja.
Nilitafuta kutwa. Mnadhani mawe yanapatikana?

Kwa hiyo tukatoka tena, mimi na Bassu,
na Si Yidir nyuma yetu na viatu vyake vya mjini,
watu watatu tumeinama katika hamada nzima
kutafuta jiwe la dunia hii.
Hili jepesi. Hili linayumba.
Hili lina ncha, litapasua kifuniko.
Jua likazama tukiwa bado tunabishana.

Sasa deni limelipwa. Pampu inavuta maji, siku inapotaka.
Lile la zamani liko Ulaya, ndani ya kabati la kioo.
Wamelikata vipande kama mkate,
na huwa najiuliza kama aliyelikata alisikia harufu,
na kama aliiandika.

Hili jipya ni la kahawia, la kawaida kabisa.
Mara nyingine, bibi akilala, nalisogezea sumaku.
Halijibu.
Paka naye amejaribu mara mbili.
Halijasogea.