Silinda ya Tatu

Nilikuja kubadilisha oili tu.
"Saa moja," alisema Ndahani, "chai haitapoa."
Leo ni Jumatano ya pili
na ndege yangu imekaa Kongwa bila pua,
matumbo nje juu ya turubai,
skrubu zake zote ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Ndahani hasemi imeharibika.
Anasema, "Njoo usikie."
Natega sikio kwenye bomba la moshi,
naye anasukuma pangaboi kwa mkono, polepole.
Fsss.
Silinda ya tatu inanong'ona
jambo iliyokuwa ikilijua tangu Manyoni,
juu ya kile kichaka cha Itigi kisicho na pa kutua,
nami nikipiga mluzi.

"Vali. Imeungua upande mmoja, kama chapati."
Nauliza bei.
Anaandika vumbini kwa ncha ya bisibisi.
Upepo unapita, unafuta sifuri mbili,
na kwa sekunde moja mimi ni tajiri.
Anazirudisha.

Zabibu za Hombolo ndizo zitakazolipa,
na bado ni mbichi, zinakaza meno.
Nampigia Mbeleje. Kimya. Kisha anacheka:
"Punda wa baba aliugua bila risiti."

Jioni, akikusanya spana,
Ndahani anachokoa kitundu cha kupimia mwendo
ambacho sikumwomba akiguse.
Kinadondoka kiota cha nyigu,
udongo mkavu, mdogo kama punje ya karanga.
Anakiweka kiganjani mwangu.
"Hiki," anasema, "bure."