Mstari Mwekundu

Saa mbili na dakika kumi, Jumwa,
ndipo unapoteremka ngazi na rula yako.
Unalifungua daftari la mahudhurio pale kaunta,
unapiga mstari mwekundu chini ya jina la mwisho,
na ajaye baada ya hapo
hujiandika chini ya wino wako
kama mtu aliyelala nje ya mlango wa kwao.

Leo ni zamu yangu.

Tuktuk ya Muyeye imezimika karibu na soko,
nimekuja kwa miguu, viatu mkononi,
nikijua umeshashuka.
Zamani nisingekimbia.
Zamani uliijua sahihi yangu kuliko niijuavyo mimi:
ile M yenye mkia,
ile i ya mwisho niisahauyo nukta.
Uliniandika nilipokesha na mwana mwenye surua,
uliniandika siku nilipoitwa kwa kadhi kupokea talaka,
nami nikakuandika wiki mbili mamako alipolazwa.
Wiki mbili nzima Jumwa Kazungu alikuwepo kazini,
karatasini.

Tulikuwa dirisha la tatu na dirisha la nne.
Watu wa Maweni, watu wa Barani, wakileta bili
za maji yasiyotoka,
wewe ukipokea matusi, mimi nikipokea pesa,
adhuhuri tukibadilishana, matusi yasimwelemee mmoja.
Saa nne, viazi karai juu ya gazeti,
ukwaju kwenye kifuko, pilipili ikitutoa machozi,
nasi tukisema tunamlilia meneja.
Ulimwigiza vizuri, we Jumwa!
Kile kikohozi chake kabla ya neno "nidhamu".

Jana mkutanoni ulikohoa.
Nilimtazama Kahindi, Kahindi akatazama dari.
Hukuwa unaigiza.

Lakini niseme na hili,
maana mstari haukupigwa na mkono mmoja:
nami niliiomba ile kazi.
Sikukwambia. Niliandika barua usiku,
nikaipeleka mwenyewe siku uliyokuwa na ruhusa.
Jina lako lilipobandikwa ubaoni
nilikukumbatia upesi, kwa nguvu,
usipate kuuona uso wangu.

Na wiki ile ya kwanza ulishuka na viazi,
sahani nzima, ukasimama mlangoni,
nasi tuliokuwa tukicheka tukakatika
kama mfereji uliofungwa huko kwenye bomba kuu.
Ningeweza kusogea kwenye benchi.
Nafasi ilikuwepo.
Nikasema, "Karibu, madamu."
Ukaiweka sahani chini, taratibu,
ukapanda ngazi.
Viazi vile hatukuvila. Tuliona haya hata kuvitupa.

Tangu hapo mimi ni Bi Mwanasiti, si Siti.
Fomu ya likizo naipitisha kwa tarishi.
Chupa ya chai imebaki na kikombe kimoja;
mwenzake yuko juu kwako, mezani,
umetia kalamu. Kahindi ndiye aliyeniambia.
Sikumuuliza. Aliniambia tu.

Basi nimesimama mbele ya daftari, natweta,
saa mbili na dakika kumi na saba.
Umekalia kiti cha askari wa mlangoni, rula mapajani,
kalamu nyekundu i wazi,
na mstari haujapigwa.
Hunitazami. Unaitazama feni.
"Wino umekauka," unasema,
kwa sauti ya kuwaambia wote.

Naandika jina langu kwa mkono wangu,
M yenye mkia.
Nukta naisahau.

Unainama, unaitia.
Nyekundu, mbichi.

Kisha unapiga mstari.