Salio

Wanakuja na simu, wanazilaza juu ya meza ya kukatia,
vidole viwili vinaivuta picha mpaka sura inapotea,
inabaki kola.
"Kama hii, Hadia. Hivihivi."

Hivihivi, ila zipu isikwame.
Hivihivi, ila kitambaa kipumue;
krimplini ile, mwanangu, tulikuwa tunaiva ndani yake,
asema Bi Mwanjaa, aliyeivaa kweli,
na ndiye peke yake asiyeitaka tena.
Yeye kaja kupunguza pazia.

Mwantumu wa Makorora anataka mabega ya puto
lakini aingie nayo ofisini watu waseme "umependeza,"
wasiulize igizo linaanza saa ngapi.
Nimemwelewa. Kati ya zamani na kichekesho
kuna nafasi ya uzi mmoja,
na mimi nalipwa kwa uzi huo.

Wote wanataka mifuko.
Mama zao walifunga hela kwenye pindo la khanga.
Mifuko ya kweli, fundi, mkono uzame,
na upana wa kukalia bodaboda
bila kuifungulia Ngamiani nzima dirisha.
Magauni ya zamani yenyewe wameyajaribu, mitumba ya Mgandini:
vifungo vya kuvutia, kwapa limechanika,
na kifua alichokiacha mzungu fulani hakimtoshi mtu.

Wanataka kiuno cha mwaka sabini na nne
bila njaa ya mwaka sabini na nne.
Siwacheki. Hata mimi.

Juzi akaja Veronika Shekalaghe, wa forodha, bandarini.
Hakuleta simu. Alileta picha yenyewe
katika bahasha ya kaki, kona moja imeliwa na mende.
Mama yake, stesheni ya reli, raizoni miguuni,
mkono kiunoni kama anayesubiri kuombwa radhi,
na chini ya gauni, kuzunguka pindo,
utepe mpana wa rangi nyingine.
"Huo utepe ndio roho yangu. Walikuwa wabunifu, wale."
Gauni lilikuwa rangi gani?
Akaigeuza picha, kana kwamba rangi imeandikwa nyuma.
Mama kafa Februari. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Usiku nikashusha madaftari ya marehemu mama yangu,
yale yanayonuka mafuta ya cherehani.
La tatu, ukurasa umeshikana na mwenzake:

*Perpetua, wa reli. Kifua 34. Kiuno 25.
Kitambaa chake rangi ya papai, kimepungua inchi tano.
Ziba chini kwa masalia ya pazia, kijani.
Ametoa nane. Salio saba.*

Kumbe.
Nikakaa na mkasi mapajani.
Dukani leo poplini ya papai ipo, jora zima,
nikanunua ya kutosha na kubaki,
kisha nikakata inchi tano za kitambaa kizima
ili nipate pengo la kuziba.
Mama angenipiga na rula.

Veronika alipolivaa hakutazama kioo kwanza,
alitumbukiza mikono mfukoni.
Ndipo akainua macho.
"Papai?"
"Papai."
"Umejuaje?"

Nikamfungulia daftari. Alisoma kwa kidole,
kifua, kiuno, inchi tano; hapo kidole kikasimama,
akaangalia chini kwenye ule ukijani,
nikadhani ataniambia niutoe.
Kidole kikaendelea mpaka saba.

Alicheka hadi akashika ukuta.
Akafungua pochi, shilingi saba nani anazo siku hizi,
akaweka sarafu ya hamsini juu ya jina la mama yake
akatoka na gauni mwilini, nguo alizokuja nazo kazisahau kitini.

Nimechukua kalamu.
Perpetua, wa reli: amemaliza.
Salio, arobaini na tatu.
Anadaiwa fundi.