Arobaini ya Injini

Mutheu wa gereji ya Barabara ya Dunga
alininyooshea ufunguo, kisha hakuuachia.
"Mzazi hukaa arobaini," alisema, "injini hukaa elfu.
Kilomita elfu nzima, si mia tisa na ushee.
Mshale wa mizunguko usivuke elfu nne.
Usishike mwendo mmoja kama msafara wa mazishi:
panda, shuka, panda tena.
Asubuhi usimwamshe kwa kelele.
Na breki, themanini hadi thelathini, mara kumi,
bila kusimama, halafu mpe upepo.
Huyu ni mwali. Hajafundwa."

Ndipo akauachia.

Nguvu za farasi mia tatu na kumi chini ya boneti,
mkopo wa miaka sita juu ya mabega,
na mimi, mpima ardhi wa Kasarani,
miaka arobaini na minane,
nikitoka langoni kwa mwendo wa mkokoteni.

Saa kumi na moja alfajiri, Barabara ya Thika, lami imelowa.
Pale Roysambu vijana wanne
ndani ya Subaru kuukuu, ekzosi pana kama sufuria ya harusi,
wakaja ubavuni, wakapiga honi.
Mmoja akatoa kichwa: "Mzee, hiyo umeazima?"
Mguu wangu wa kulia ukawa na maoni yake.
Mshale ukachungulia nne,
nikaurudisha
kama mtu anayerudisha mkono
uliokwisha kunyooka kwenye sahani ya mgeni.
Wakaenda zao. Nikabaki na moshi wao
na kilomita mia mbili na kumi na moja.

Nikajifunza kusikiliza.
Ringi na silinda, Mutheu alisema,
ni vyuma viwili visivyojuana,
kila kimoja na vipele vyake.
Ukiviharakisha vitachanana.
Ukivibembeleza kupita kiasi
vitateleza tu, miaka nenda miaka rudi, visishikane,
na gari litakunywa oili hadi uzeeni.

Kilomita mia sita na tisini, Nafuna alikuwa kando yangu,
tukitoka Limuru, mfuko wa plamu mapajani mwake.
Alikuwa ameona nilivyongoja joto lipande
kabla ya kukanyaga,
nilivyobadilisha gia
kama anayefunika mtoto aliyelala.
Akala plamu. Akatema kokwa kiganjani.
"Sisi tulioana Jumamosi," akasema.
"Jumatatu ukaniuliza soksi ziko wapi."

Mbele yetu lori la mawe liliteremka Kangemi
likikohoa.
Nikapunguza gia. Injini ikaguna
kama mtu aliyekubali nusu ya hoja.
Miaka ishirini na miwili.
Kazi yangu ni kupima, basi nikapima:
tulikochanana, na tulikoteleza tu,
kwa adabu, kwa habari za asubuhi,
kwa chai iliyomiminwa bila neno.
Sikupata jibu la kumpa.
Plamu ya mwisho alinilisha
huku akiangalia dirishani.

Kilomita elfu. Mutheu alilala chini ya gari,
akalegeza bolti, na oili ya kwanza ikashuka
nyeusi, nzito,
na ndani yake vumbi jembamba la fedha
likimetameta chini ya kurunzi.
Nikashtuka. "Imeharibika?"
"Hapana," akasema. "Hayo ni maneno waliyorushiana.
Yalazimu yatoke. Shida ni kuyaacha humo ndani."
Akafuta mikono, akanipa ufunguo,
safari hii bila kuushikilia.
"Sasa mkanyage."

Kilomita elfu moja na mbili.
Foleni, mzunguko wa Nyayo, saa kumi na mbili jioni.
Farasi wote mia tatu na kumi
nyuma ya bauza la maji taka.
Yule kijana muuza njugu alinipita mara mbili kwa miguu.
Nikampigia Nafuna.
"Jumatatu ile," nikaanza, "ningekuuliza kwanza
ulilalaje."
"Nini? Sikusikii, kuna honi."
"Foleni," nikasema.
"Najua," akasema. Na hakukata simu.